Cheti cha Ndoa Kilichotoka Kimulot

Iko siku moja ninayoikumbuka kuliko siku niliyoolewa mimi mwenyewe, mwanangu, na nataka nikusimulie kabla hujafungua hilo sanduku la bati. Weka simu chini kwanza. Najua mmeanzisha kundi lenu la ukoo, mnatumiana picha za wosia wa zamani na vyeti vya ndoa vya mababu, kila mmoja anataka kujua alitoka kwa nani. Ni jambo jema, silipingi. Lakini asubuhi nilikusikia jikoni ukimwambia ndugu yako kwamba ukipata karatasi ya kuonyesha kwamba watu wa nyumba ndogo si damu yetu, watanyamaza kimya. Sauti hiyo naijua, maana niliwahi kuwa nayo. Ndiyo maana nimekuita ukae hapa karibu na moto, chai inachemka, na mimi sina haraka.

Mimi na Chebet tulikuwa watoto wa ndugu wawili. Baba yake alikuwa mkubwa, baba yangu mdogo, na mashamba yetu ya majani chai huku juu ya Kapkatet yalitenganishwa na kijia tu. Tulibatizwa pamoja, tukasoma pamoja, tukachuna majani kwenye mstari mmoja. Na tangu utotoni kila kitu kilimkubali yeye kwanza. Nywele zake zilikubali kitana. Sauti yake ilikubali wimbo. Hata ng'ombe mkali wa baba yangu, aliyezoea kunipiga mateke mimi niliyemletea nyasi, alitulia akicheua Chebet alipoinama kumkamua. Nilimpenda Chebet, usinielewe vibaya. Nilimpenda na nikamwonea wivu, vyote kwa pamoja, na ukiniuliza kipi kilikuwa kikubwa zaidi nitakujibu kwamba ilitegemea siku.

Halafu akaja Kipngeno. Alikuwa dereva wa lori la kiwanda lililopita kituoni kubeba majani yetu, kijana mrefu kutoka Kimulot, mpole, asiyepiga honi ovyo. Msichana wa kwanza kumsalimia pale kituoni alikuwa mimi. Hilo nitalisema mpaka nife. Siku moja mvua ya mawe ilitukuta njiani, akanivulia koti lake nijifunike kichwa. Nililipeleka nyumbani, nikalifua, nikalipiga pasi kwa makaa, nikalikunja na kulikunjua huku nikiwaza mambo ya mbali sana, mpaka nikafika kwenye majina ya watoto. Nilipomrudishia alishukuru vizuri, kisha akauliza, "Yule dada yako wa leso ya njano anaitwa nani?"

Nilimtajia jina. Ningefanya nini? Lakini kuna kitu kilinichoma hapa chini ya mbavu, na hakikupoa.

Mambo yakaenda mbio. Wazee wao wakaja kwa koito, ile siku familia mbili zinapoketi kuulizana koo kabla ya kupatana ng'ombe. Mimi nilipewa kazi ya kumimina mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa, nikazunguka na kibuyu huku uso wangu umechangamka kama wa mtu mwenye raha. Wazee wakaulizana. Ukoo wao na wetu ni tofauti, hakuna neno. Kisha mzee mmoja wa kwao akataja jina la Taprandich, na nikaona wazee wetu wakiangaliana na kutabasamu kidogo. Baba mkubwa akasema, "Hiyo tunajua. Iko sawa. Tuendelee." Nilikuwa nimeinama juu ya kikombe cha mgeni. Nilisikia, nikaliweka moyoni.

Sasa sikiliza nilivyokuwa nimekaa. Wakati huo mimi ndiye nilikuwa karani wa ofisi ya kanisa letu. Wanaotaka kuoana walileta karatasi zao kwangu, nikazipanga kwenye faili, nikapiga taipu tangazo ambalo Mchungaji alilisoma Jumapili mbele ya watu wote. Yaani kijana niliyemtaka anamwoa dada yangu, na tangazo lao nalitayarisha mimi. Nilizigonga zile herufi kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka, ikabidi nianze upya.

Kati ya karatasi alizoleta Kipngeno kulikuwa na cheti cha ndoa ya wazazi wake, kilichotoka kanisa la kwao Kimulot. Nikakisoma taratibu, kwa macho yale ya mtu anayetafuta kasoro. Mahali pa baba wa bwana arusi, yaani wa baba yake Kipngeno, pameandikwa jina la marehemu fulani wa Kimulot. Mahali pa mama pameandikwa Taprandich.

Jina hilo nilikuwa nimelisoma mahali pengine. Baba yangu alikuwa ameweka wosia wa babu yake, karatasi mbili za rangi ya chai zilizoandikwa na mtu wa misheni, na kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma, niliusomea ukoo kila ulipotokea ubishi wa mpaka. Mle ndani mzee alikuwa amewataja watoto wake wote, na mmoja wao ni "binti yangu Taprandich, aliyeolewa Kimulot, asisahauliwe." Walimsahau. Kimulot ni kule karibu na msitu wa Mau, na watu wetu waliacha kutembelea huko kwa sababu ya ugomvi wa zamani ambao hata wao wenyewe hawakuweza kunieleza vizuri. Mimi sikuwahi kumwona huyo Taprandich kwa macho.

Nikaunganisha. Taprandich ni dada ya babu yetu. Cheti kinasema ni mama wa baba yake Kipngeno. Kwa hiyo Kipngeno ni damu yetu, na kwetu sisi watu wa damu moja hawaoani, hata wakililia.

Ningekudanganya nikikuambia nilishtuka, mwanangu. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikasimama nikafunga mlango wa ofisi, nisionekane nikicheka peke yangu.

Jioni nilimuuliza baba yangu, akiwa anafunga lango la ng'ombe. "Baba, mlijua Kipngeno ni mjukuu wa Taprandich?"

"Tulijua."

"Si huyo ni wa kwetu? Si hiyo ni damu?"

"Hakuna shida hapo, Chelangat." Aliendelea kushughulika na waya wa lango, hakuniangalia. "Hiyo ni maneno ya wazee na iliisha. Wewe usiulize tena."

Ningekuwa na moyo safi ningemwamini, maana baba yangu hakuwa mtu wa uongo. Lakini mwenye wivu akifichwa jambo hafikirii kwamba pengine inafichwa heshima ya mtu. Mimi niliona wazee wamefumba macho kwa sababu ya ng'ombe. Nikajiambia natetea mila, natetea kanisa, namtetea hata Chebet mwenyewe asije akazaa watoto wenye mikosi. Ona nilivyokuwa mwema! Kesho yake baba alipokwenda Sosiot kwa mazishi, niliutoa ule wosia kwenye sanduku, nikaubandika nyuma ya cheti cha Kimulot, nikaiweka faili juu ya meza ya Mchungaji. Sikusema neno. Mstari wenye jina la Taprandich niliupigia penseli, kidogo tu.

Mchungaji wetu alikuwa mtu wa upande wa ziwani, mwema, mwenye bidii, lakini Kikipsigis chake kiliishia kwenye salamu. Alisoma kile kilichoandikwa, akaelewa kile ambacho mtu yeyote angeelewa. Jumapili iliyofuata, badala ya kusoma tangazo, alisema kwamba ndoa ya Chebet na Kipngeno imesimama kwanza, mpaka jambo fulani la ukoo lichunguzwe. Kanisa zima likavuma. Chebet alikuwa kando yangu kwenye kwaya. Alitafuta mkono wangu bila kuangalia, akaushika, akaubana kwa nguvu mpaka ibada ikaisha. Katika watu wote waliokuwa mle, alinishika mimi.

Wiki hiyo wanawake kituoni walisema yote. Kwamba Chebet nusura aolewe na kaka yake. Kwamba huenda alijua. Kwamba huenda tayari kuna mimba. Chebet akaacha kuja kuchuna, nikamwona kwa mbali amekaa nyuma ya jikoni lao akichambua mboga zilizokwisha chambuliwa. Nilidhani nitafurahi zaidi ya hapo. Furaha ilikuwepo, siwezi kuikana, lakini ilikuwa imeanza kuwa na ladha mbaya.

Wazee walikwenda kwa Mchungaji. Baba mkubwa akamwambia, "Pasta, wewe tuamini tu. Hiyo maneno tuliuliza siku ya koito na ikaisha."

"Mzee, mimi siwakatai," Mchungaji akajibu. "Lakini karatasi inasema huyu mama ni wa kwenu na kijana ni mjukuu wake. Nitafungaje ndoa hiyo? Nielezeni."

Hawakueleza. Walikohoa, wakaangalia kofia zao, wakaenda nyumbani. Nilikuwa mezani kwangu, nikaona ule ukimya wao ni ushahidi.

Habari zikafika Kimulot, na Taprandich akaja mwenyewe.

Waliletwa na pikapu ya maziwa, yeye na mwanamke mwingine mzee, ila mdogo kwake kwa umri, mvua ikinyesha. Waliingia ofisini wameshikana mikono, huyo mwingine amembebea mkoba na fimbo, akamfuta maji usoni kwa ncha ya shuka kabla hajafuta yake. Baba yake Kipngeno aliwafuata, akabaki amesimama mlangoni. Ndani kulikuwa na Chebet, Kipngeno, baba mkubwa na baba yangu. Baba yangu aliona ule wosia mezani. Aliutazama, akanitazama mimi, halafu akatazama dirishani. Ningependa angenipiga kofi.

Mchungaji akasema, "Mama, karibu. Chelangat, wewe utanitafsiria."

Akamuuliza swali moja. Kama ni yeye aliyemzaa yule bwana mlangoni. Nikalitafsiri.

Yule mwanamke mwingine akafungua mdomo ajibu. Taprandich akamgusa goti kumzuia. Kisha Taprandich akasema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani.

"Anasema..." nikaanza. "Anasema kwamba yeye hakujaliwa..."

"Usimsemee," Mchungaji akanikata, kwa upole tu. "Sema vile anasema yeye."

Basi nikasema. Nilisimama katikati ya ofisi ile, msichana wa kwaya mwenye shati la kupigwa pasi, nikasema mbele ya watu wote: "Mimi sikuzaa. Mume wangu alikufa na sikuwa nimezaa. Nilikuwa na ng'ombe zangu, nikaoa. Huyu hapa ni mke wangu, na huyo mlangoni ni mtoto wa nyumba yangu. Walipoandika cheti waliniuliza mzazi ni nani, nikasema ni mimi. Mpaka leo hakuna mtu amewahi kuniuliza kama nilizaa."

Kila neno lilipita mdomoni mwangu. Mimi sikuzaa. Nimelisema mimi, mwanangu, kwa sauti yangu, na yeye alikaa pale akinitazama mdomo kuhakikisha sijaacha kitu.

Ninyi mmesoma shule za bweni, huenda hamkuelezwa. Kwetu mwanamke aliyekosa mtoto, mwenye ng'ombe zake, aliweza kuoa msichana kwa ajili ya nyumba yake, na wapo waliofanya hivyo hata juzijuzi. Anatoa mahari kama mwanamume yeyote. Watoto wanaozaliwa ni wa nyumba hiyo, wanabeba ukoo wa mume aliyekufa, wanarithi. Wala hakuna anayeuliza damu ilitoka wapi. Kuuliza ni kumvua mtu nguo njiani. Wazee wetu walipotabasamu siku ya koito hawakuwa wanaficha aibu. Walikuwa wanampa Taprandich heshima yake kwa kutoliongeza neno. Kipngeno hakuwa na tone la damu yetu, na kila mwenye mvi alijua.

Mchungaji alivua miwani. Alizunguka meza, akamshika Taprandich mkono kwa mikono yake miwili. "Nimeelewa, mama. Nisamehe. Ndoa itafungwa." Nikatafsiri hilo pia. Mlangoni baba yake Kipngeno alikuwa amegeukia mvua, ametugeuzia mgongo. Alijua tangu zamani, lakini hakuwahi kulisikia kutoka kwa Taprandich mwenyewe.

Kisha Taprandich akaunyoosha mkono, akaigusa ile karatasi ya rangi ya chai, akauliza nani ameleta maneno ya baba yake mahali hapa. Nikamtafsiria Mchungaji, kwa sababu ndiyo kazi niliyopewa.

"Ni mimi, kogo," nikasema, yaani bibi.

"Ulikuwa unataka kunijua?"

Nikautazama ule mstari wa penseli.

"Ungekuja Kimulot," akasema. "Ningekupikia. Ningekuambia mwenyewe, tukiwa wawili, ungerudi kwenu umejua. Sasa limesemwa mbele ya watu. Siku mkilisema tena, lisemeni vizuri."

Maneno hayo sikumtafsiria Mchungaji. Leo ndio nakutafsiria wewe, na nimejaribu kuyasema vizuri kama alivyoniagiza.

Nje, chini ya paa la varanda, Chebet alikuwa ananisubiri. Nilitaka aniite nyoka, anivute nywele, tumalize. Alizungumza polepole, kama anayepiga hesabu.

"Chelangat, mimi na wewe si ni ukoo moja?"

"Ndiyo."

"Kama hiyo maneno ingekuwa kweli, hata wewe si ungemkosa?"

"Ningemkosa."

"Ulijua hiyo?"

Ningeweza kusema sikufikiria. "Nilijua," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. "Basi wewe hukuwa unamtaka. Ulitaka tu mimi nisikuwe naye."

Akaingia mvuani, akamfuata mchumba wake.

Walioana. Walijaliwa watoto, wakajenga nyumba ya mawe kule Kimulot, na Taprandich aliishi akawabeba vitukuu. Mimi nikampata babu yako, mtu mzuri, Mungu amlaze pema. Chebet tunakutana kwenye mazishi na harusi. Ananisalimia kwa adabu, anauliza habari za ng'ombe, anauliza habari zenu mmoja mmoja. Mkono ananipa kwa ncha za vidole. Na mimi, nikimwona anashuka kwenye gari la mwanawe, mgongo umenyooka, nywele bado zinakubali kitana, huwa kuna kitu kinanikwaruza mahali palepale. Usifikiri wivu huzeeka. Mimi nimezeeka, wenyewe bado unapanda ngazi bila kuhema. Nimejifunza tu kutoupa ufunguo wa sanduku.

Sasa nakuambia wazi, mwanangu, ili usiseme bibi alizungukazunguka. Tafuta watu wako. Piga picha hizo karatasi zote, andika majina, usikubali asahaulike yeyote kama alivyosahauliwa Taprandich na sisi. Lakini kabla ya kufungua karatasi ya mtu, jiulize kama unataka kuongeza jamaa au kupunguza, na ukijikuta kuna jina unalotaka lipungue, funga, kanywe chai, urudi siku nyingine. Ukikuta jambo lisiloeleweka, usilipeleke kwenye hilo kundi lenu. Nenda kwa mwenyewe akiwa hai, kaa chini, kula anachokupikia, umwache aseme kiasi anachotaka. Cheti kinaandikwa na karani kwenye nafasi aliyopewa. Hakijui nani alitoa ng'ombe, nani alimfuta nani maji usoni. Na hao wa nyumba ndogo, wao ni wetu kwa sababu tulikubali wawe wetu, na kukubali huko kulitugharimu. Usikutengue kwa kidole kimoja juu ya simu.

Haya, sogea nikuwekee mkono kichwani. Mungu akupe macho ya kusoma na moyo wa kunyamaza. Akupe jamaa wengi kuliko waliomo kwenye karatasi, na siku utakapokuwa umekosa kitu ambacho wenzako wamekipata, akupe watu wa kukuita mama bila kuuliza.